Kichwa cha Medusa kiko mkononi mwa nani?

Oktoba 2020, sanamu ya shaba yenye urefu wa zaidi ya mita 2 ilisimamishwa New York, katika bustani ndogo inayotazamana na mahakama ya jinai ya Manhattan. Ni mwanamke, yuko uchi, nywele zake ni nyoka. Mkono mmoja kashika upanga. Mwingine kashika kichwa cha mwanamume, kinaning'inia kwa nywele zake. Mwanamke huyo ni Medusa. Kichwa ni cha Perseus, yule shujaa ambaye katika hadithi tuliyoizoea ndiye aliyemkata Medusa shingo.

Mchongaji ni Luciano Garbati, Mwargentina mwenye asili ya Italia, na kazi yenyewe aliitengeneza tangu 2008. Kilichoifikisha mbele ya mahakama ni wimbi la wanawake waliojitokeza hadharani kusimulia walivyodhulumiwa na wanaume wenye uwezo. Sanamu haikupata hata wiki ya utulivu. Wengine waliuliza: mbona kichwa ni cha Perseus, na si cha Poseidon, mungu wa bahari, aliyembaka? Wengine: mbona hata hili kachonga mwanamume, tena akampa Medusa mwili wa mwanamitindo? Na wakaja wa tatu, waliosema kwamba hadithi imepinduliwa, Wagiriki hawakusimulia hivyo.

Hawa wa tatu ndio walioniweka kitako kuandika. Ni kweli Wagiriki hawakusimulia hivyo. Ila ukiwauliza Wagiriki gani, wa karne ipi, mambo yanaanza kuchanganyika.

Visasili vya Kigiriki havikuwa na msahafu. Hapakuwa na kitabu kimoja kilichokubaliwa, wala makuhani wa kukilinda neno kwa neno. Kila mji ulikuwa na toleo lake, na kila mshairi alijua kwamba wasikilizaji wameshaisikia hadithi, hivyo alilazimika kuwapa kitu kipya. Pale Athens, kwenye mashindano ya tamthiliya ya kila majira ya machipuo, watu hawakwenda kuangalia nini kitatokea. Walikwenda kuona safari hii huyu bwana atakigeuza vipi. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema waandishi wa leo wanaharibu hadithi asilia, na vilevile siwaelewi wanaowasifu kwamba wamefukua ukweli uliofichwa. Wote wawili wanadhani pana asili mahali fulani, imekaa inasubiri.

Tuanze na Medusa mwenyewe. Hesiod, mkulima na mshairi wa mnamo 700 KK, anamtaja kwa mistari michache. Walikuwa ndugu watatu: Stheno, Euryale na Medusa. Wawili hawafi wala hawazeeki, huyu wa tatu ni wa kufa. Kwa nini yeye peke yake, Hesiod hasemi. Poseidon alilala naye kwenye uwanda wa majani laini, katikati ya maua. Perseus alipomkata kichwa, shingoni mkachomoka farasi Pegasus na Chrysaor mwenye upanga wa dhahabu. Basi. Hakuna hekalu, hakuna ubakaji, hakuna laana, wala hakuna msichana mrembo aliyeharibiwa sura.

Wachoraji wa zama hizo walimpa uso wa duara kama sinia, macho ya kutumbua, meno ya ngiri, ulimi nje, na mara nyingine ndevu. Uso huo waliuweka kwenye ngao, kwenye mapaa ya mahekalu, hadi kwenye vikombe vya mvinyo. Wenzetu wa Pwani wangeutambua upesi: ni zindiko. Umewekwa pale ili shari likiuona ligeuke lirudi lilikotoka.

Karne mbili baadaye uso unaanza kulainika. Mwaka 490 KK mshairi Pindar anamwita Medusa mwenye mashavu mazuri. Na katika jumba la Metropolitan, New York hiyohiyo, kuna chombo cha udongo cha katikati ya karne ya 5 KK ambacho Medusa amechorwa msichana wa kawaida, kalala usingizi mlimani, huku Perseus anamnyemelea na uso kaugeuzia upande wa Athena, mungu wa kike mlinzi wake. Ukikitazama chombo hicho huwezi kumshangilia shujaa. Anamchinja mtu aliyelala.

Ile hadithi ambayo wengi leo wanaihesabu kuwa ndiyo yenyewe, ya msichana aliyebakwa hekaluni kisha mungu wa kike akamwadhibu yeye badala ya mbakaji, haitoki kwa Mgiriki. Imetoka kwa Ovid, Mrumi, aliyeiandika kwa Kilatini mnamo mwaka 8 BK. Kati yake na Hesiod pana miaka kama 700. Na ukiisoma polepole utaona jambo ambalo wanaoinukuu hulipita mbio: msimulizi ni Perseus. Yuko kwenye karamu ya harusi yake, watu wamekula wameshiba, na mgeni mmoja anamuuliza kwa nini katika ndugu watatu ni mmoja tu aliyekuwa na nyoka kichwani. Bwana harusi anajibu kwamba Medusa alikuwa mrembo, wachumba wamejaa, na nywele zake ndizo zilizosifiwa kuliko kitu chochote. Anaongeza kwamba aliwahi kukutana na mtu aliyesema aliziona. Kisha mungu wa bahari akamharibu ndani ya hekalu la Minerva, yaani Athena kwa jina la Kirumi. Minerva akageuza uso akajifunika kwa ngao yake, na ili jambo lisipite bila adhabu, akazigeuza nywele za Medusa kuwa nyoka.

Kwa hiyo habari yote ya kudhulumiwa kwa Medusa tunaipata kwa muuaji wake, tena kwenye sherehe, tena ya kuambiwa. Ovid alikuwa fundi. Sidhani kama hilo lilimponyoka. Yeye mwenyewe, mwaka uleule wa 8, kaisari Augustus alimfukuza Roma akamtupa Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, hadi alipofia huko. Mambo ya wenye nguvu kuadhibu aliyeonekana badala ya aliyetenda hayakuwa mageni kwake.

Baada ya hapo ni wanaume na kile kichwa. Mwaka 1554 Benvenuto Cellini alizindua Florence sanamu yake ya Perseus, aliyoagizwa na mtawala Cosimo wa ukoo wa Medici: shujaa kasimama juu ya mwili wa Medusa, kainua kichwa, damu inabubujika shingoni. Bado iko pale uwanjani, na ndiyo Garbati aliyoipindua. Mwaka 1922 Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, aliandika kurasa chache akidai kichwa hicho ni hofu ya mvulana kukatwa uume. Kila mtu huona analolifikiria. Mwaka 1975 Hélène Cixous, mwandishi wa Ufaransa aliyezaliwa Algeria, akajibu kwamba ukithubutu kumtazama Medusa usoni utaona si muuaji, ni mzuri, na anacheka. Siku hizi kuna wanawake, na wanaume pia, wanaomchora tatuu begani kama alama kwamba walidhulumiwa na wakabaki hai. Ni zindiko tena, baada ya mzunguko wa miaka 2,600.

Jina la Pandora tumelizoea zaidi. Oktoba 2021 redio na magazeti ya Afrika Mashariki yalijaa habari za Nyaraka za Pandora, siri za fedha zilizofichwa ng'ambo, na kila mtangazaji akalitaja lile sanduku ambalo mwanamke mdadisi alilifungua maovu yote yakatoka.

Sanduku halikuwepo. Hesiod anasema *pithos*, na pithos ni kasiki, ule mtungi mkubwa wa udongo wa kuwekea nafaka, mafuta au mvinyo, ambao mara nyingi ulichimbiwa nusu ardhini ghalani. Kijisanduku kililetwa na Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni wa Kilatini, katika mkusanyiko wake wa methali uliochapishwa 1508: pale penye kasiki aliweka *pyxis*, kikopo cha kushika mkononi. Mtu anaweza kusema ni kosa dogo. Lakini kasiki ni akiba ya nyumba, na mwenye kulifunua ni mama anayetaka kupima unga. Kikopo ni siri. Kwa neno moja mwenye nyumba akageuka mchunguzi wa yasiyomhusu.

Na udadisi wenyewe? Katika Hesiod hakuna mahali Pandora anapokatazwa kufungua kitu. Aliyekatazwa ni mwanamume. Prometheus, aliyewaibia miungu moto, alimwonya ndugu yake Epimetheus asipokee zawadi yoyote kutoka kwa Zeus, mkuu wa miungu; Epimetheus akampokea Pandora, ambaye ndiye zawadi yenyewe, akakumbuka onyo akiwa ameshamwoa. Zaidi ya hapo Hesiod anasema wazi kwamba mpango wote ni wa Zeus, kisasi cha kuibiwa moto. Hata hivyo anamaliza kwa kuwalaumu wanawake wote, akiwafananisha na nyuki dume wanaokula asali ya wenzao. Alikuwa na kesi ya mirathi na ndugu yake Perses, na hasira zake alizigawa kwa wengi.

Tena hata jina lina mashaka. Hesiod anasema Pandora ni “aliyepewa na wote”, kwa kuwa kila mungu alimpa kitu. Ila neno hilohilo laweza kumaanisha “mwenye kutoa vyote”, na Wagiriki walimwita hivyo Dunia, mama wa mazao. Katika makumbusho ya British, London, kuna bakuli la karibu 460 KK lenye mwanamke huyu kati ya Athena na Hephaestus, mungu wa uhunzi, wanaomvisha, na jina lililoandikwa ni Anesidora, “anayezipandisha zawadi”. Kule Oxford, chombo kingine kinamwonyesha akichomoza ardhini kama mche huku Epimetheus kasimama na nyundo. Inawezekana Hesiod mwenyewe ndiye aliyekuwa mpinduaji, akamchukua mtoa riziki akamfanya mleta balaa. Ukristo ulipokuja akaunganishwa na Hawa. Jean Cousin, mchoraji wa Ufaransa, mnamo 1550 alimchora uchi kajilaza, mkono juu ya fuvu, na juu yake akaandika kwamba Hawa ndiye Pandora wa kwanza.

Helen, yule mke wa mfalme wa Sparta anayesemekana alikwenda Troy na Paris, hakusubiri karne nyingi. Wagiriki walianza kugombana juu yake mapema mno. Kwa Homer, katika utenzi wake wa Iliad, tunamkuta ndani anafuma nguo ya zambarau, na anachokifuma ni vita vya Wagiriki na watu wa Troy, vile vinavyopiganwa nje kwa ajili yake. Anajitukana, anajiita mbwa, halafu anamwambia shemeji yake Hector kwamba Zeus amewaandikia mabaya ili wawe wimbo kwa watu watakaokuja. Mwanamke wa hadithi anajua kwamba yumo hadithini. Hilo lilinishangaza mara ya kwanza nilipolisoma, na mpaka leo sijalizoea.

Sappho wa kisiwa cha Lesbos, karibu 600 KK, alimtazama kwa jicho jingine. Shairi lake lilipotea kabisa hadi kipande cha mafunjo kilipofukuliwa Oxyrhynchus nchini Misri na kuchapishwa 1914. Anasema: wapo wanaoona wapanda farasi ndicho kitu kizuri kuliko vyote duniani, wengine askari wa miguu, wengine merikebu, mimi nasema ni kile mtu anachokipenda. Mfano wake ni Helen, aliyemwacha mume, mtoto na wazazi akapanda chombo. Hamlaumu wala hamsamehi. Anamtumia kama shahidi.

Stesichorus wa Sicily naye, masimulizi yanadai, alimtukana Helen katika shairi akapofuka, na kuona kukamrudia alipotunga jingine la kukana: hadithi ile si kweli, hukupanda merikebu, hukufika Troy. Herodotus, mwanahistoria, akadai makuhani wa Misri walimthibitishia kwamba Helen alibaki kwao muda wote wa vita. Euripides, mtunzi wa Athens, akalifanya tamthiliya mwaka 412 KK, Athens ikiwa imetoka kupoteza jeshi zima Sicily, na watazamaji wakaambiwa kwamba pale Troy watu waliuana miaka kumi kwa ajili ya kivuli. Nani katika viti vile hakufikiria watoto wake?

Kwa Penelope nataka kukaa kidogo, ingawa si kwa ajili ya Penelope.

Yeye anajulikana: mume yuko safarini miaka 20, wachumba 108 wamepiga kambi sebuleni, naye mchana anafuma sanda ya mkwewe Laertes na usiku anaifumua kwa mwanga wa mienge. Mke mwema wa kupigiwa mfano. Sawa. Lakini mwishoni mwa Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, mume huyo, Odysseus, akishawaua wachumba, anamuuliza yaya mzee Eurycleia ni wajakazi gani waliolala nao. Kati ya 50, yaya anataja 12. Wanaitwa, wanakuja wanalia. Wanaamriwa kwanza watoe maiti, wasugue meza na viti kwa sponji na maji, wabebe uchafu uliokwanguliwa sakafuni. Wakimaliza wanapelekwa uani. Odysseus kaagiza wakatwe kwa upanga, ila mwanawe Telemachus anasema hawastahili kifo safi. Anachukua amari ya merikebu, anaifunga kwenye nguzo, anaivuta juu ili mguu wowote usiguse chini. Homer anawafananisha na njiwa walionaswa wavuni wakirudi kulala. Miguu yao, anasema, ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu.

Kitabu hichohicho cha 22, mistari mia nne na kitu kabla, Odysseus anawatolea wachumba orodha ya makosa yao. Mojawapo ni kwamba walilala na wajakazi wake kwa nguvu. Neno lipo katika Kigiriki, *biaios*. Kwa hiyo asubuhi ni kosa la wachumba, jioni ni kosa la waliolaliwa.

Wafasiri wengi wa Kiingereza hawakutaka mgongano huo uonekane. Pale ambapo Telemachus katika Kigiriki anawataja kwa kiwakilishi cha kike tu, “hawa”, wao waliongeza “makahaba” na mabaya zaidi. Emily Wilson, mwanamke wa kwanza kuchapisha tafsiri kamili ya Odyssey kwa Kiingereza, mwaka 2017, aliyaondoa matusi hayo. Akaondoa pia neno la “watumishi wa ndani” akawaita watumwa, kwa sababu ndivyo walivyokuwa: walinunuliwa au walitekwa, na hawakuwa na uwezo wa kumkatalia mwanamume yeyote aliyekaa sebuleni. Waliosema ameleta siasa za leo hawakumfungua Homer.

Kiswahili kina bahati mbaya ya kuwa na neno lenyewe. Mjakazi, kabla halijalainika likawa mfanyakazi wa nyumbani, lilikuwa mtumwa wa kike hasa. Zanzibar ilipofuta utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909, kwa hoja kwamba wao ni watu wa nyumbani. Atakayeifasiri Odyssey kwa Kiswahili hatahitaji kubuni msamiati. Atahitaji kuamua tu mjakazi wake ni wa mwaka gani.

Medea, mke aliyeachwa na shujaa Jason, nitampitia haraka, maana anatosha makala yake. Euripides alimwonyesha mwaka 431 KK, akashika nafasi ya tatu kati ya watatu. Medea wake anasimama mbele ya wanawake wa Korintho na kusema afadhali asimame vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wa Uingereza waliodai kura walilisoma tamko hilo mikutanoni. Kisha anawaua wanawe mwenyewe, na hapo wasomaji wa mikutano walifunga kitabu. Ila yapo masimulizi mengine. Msafiri Pausanias, karne ya 2 BK, aliona Korintho kaburi la watoto hao na kuelezwa kwamba wenyeji ndio waliowapiga mawe. Mfafanuzi mmoja wa kale ananukuu hata uvumi kwamba Wakorintho walimhonga Euripides talanta tano ili aihamishe damu mikononi mwao aipeleke kwa mama. Uvumi huo siuamini. Lakini waliouzua walijua vizuri jinsi hadithi inavyoweza kununuliwa.

Nirudi kwa Medusa. Katika makumbusho ya kisiwa cha Corfu lipo pambo la mawe lililokaa mbele ya hekalu la Artemis tangu karibu 580 KK. Medusa yuko katikati, mkubwa kuliko wote, urefu wake unakaribia mita 3, anakimbia huku kapiga goti. Nyoka wawili wamefungana kiunoni kama mkanda. Anacheka, meno yote nje. Upande mmoja yupo Pegasus, upande mwingine Chrysaor, wale watoto ambao kwa Hesiod walizaliwa shingo ya mama ilipokatwa. Mchongaji lazima aliijua hadithi hiyo, na akawaweka hivyohivyo, mama na wanawe pamoja. Perseus hayupo katikati yao, na kichwa cha Medusa kiko shingoni mwake.